Sharti la Gari

Chuma aliipangusa meza kwa kiganja, akatoa vifuniko vya soda mfukoni, akavipanga kimoja kimoja mbele ya mkewe.

“Hapa stendi,” alisema, akikigusa kilichokuwa ukingoni. “Wageni wanashuka kwenye basi, wanalala nyumba ya wageni ya sokoni. Asubuhi mizigo inapanda lori la machimbo, linalokwenda juu tupu kuchukua kokoto. Watu wanatembea. Hapa lango. Hapa katikati ya msitu. Hapa msitu unapoishia. Hapa kambi ya mawe. Hapa mdomo wa kasoko. Umeona? Volkano nzima, bila gari.”

Mkewe aliinama juu ya meza. Wapagazi walimwita Mama Sufuria, kwa sababu alikuwa akiwapikia wapanda mlima tangu ujana wake, na hapakuwa na kambi juu ya mlima ule ambayo hakuwahi kuchemshia maji. Aliviangalia vifuniko kama anavyoangalia mchele kabla ya kuosha. Kimoja kilikuwa mahali pasipo pake.

“Hiki cha nini?”

“Kipi?”

“Hiki, baina ya msitu na kambi ya mawe. Hapo hapana maji, na upepo unapita kama umelipwa. Hatujawahi kupiga hema hapo.”

“Ni cha kuzoea. Mgeni asiye na gari ni mgeni anayekwenda taratibu. Mwili unapata nafasi.”

“Mgeni anazoea kwa kupanda juu mchana na kushuka kulala chini. Wewe ndiwe uliyenifundisha hayo.”

“Basi nimebadilisha somo.”

Binti yao alikuwa ameketi kizingitini akishona zipu ya hema la kukodi. Beji ya msaidizi wa mwongozaji aliipata kwa mtihani. Jina la Kinyonga alilipata kwa baba yake, kutokana na mwendo wake wa taratibu. Aliposikia neno kuzoea aliuvuta uzi kwa nguvu hata ukakatika, akauchovya mdomoni na kuanza kuutunga upya, bila kuinua uso.

Safari hiyo ilikuwa ya kwanza kuwa yao wenyewe. Miaka yote Chuma aliongoza wageni wa Tajiri, mwenye magari na ofisi ya vioo, mpaka siku aliporudi nyumbani akasema ameacha kazi: hawezi kutumwa na mtu ambaye hata viatu vya mlimani hana. Mkewe aliyapokea maneno hayo kwa fahari kidogo na hofu nyingi. Kisha Mhasibu wa idara ya maji akawapigia simu, akasema yeye na wenzake kazini wanataka kufika kileleni, wamesikia habari za Chuma, na hawana uwezo wa kulipia kampuni. Malipo ya awali yakaja, yakaenda yote katika mahema na magodoro ya kukodi. Safari ikivunjika, hakuna mgeni atakayepiga simu tena.

“Mimi sisemi habari ya kubeba wageni,” alisema Mama Sufuria. “Miguu wanayo. Nasema habari ya mgonjwa. Mtu akizidiwa kule juu tukamshusha hadi langoni, tutampakia kwenye nini? Kwenye sufuria yangu?”

“Hakuna atakayezidiwa.”

“Hayo unamwambia nani, baba watoto? Mimi mpishi wako, siyo mgeni wako. Kesho tunakwenda kwa Tajiri kuomba gari moja lisimame langoni.”

“Kwa Tajiri siendi.”

“Basi nitakwenda peke yangu.”

Chuma alivikusanya vifuniko kwa mkupuo mmoja, vikalia kiganjani. Alifikiria mkewe akiwa peke yake mbele ya Tajiri, akaona kwamba hilo ni baya kuliko yote.

“Tutakwenda wote,” alisema. “Lakini mimi ndiye nitakayezungumza.”


Yadi ya Tajiri ilikuwa imejaa magari yaliyokuwa yakioshwa. Mlinzi wa getini aliwahi kubeba mizigo chini ya uongozi wa Chuma, na katika siku hizo alikuwa akisimama kila Chuma alipopita. Sasa aliwaambia wasubiri kwenye kivuli cha tangi la maji, akaleta kiti kimoja, akakiweka nyuma ya Mama Sufuria.

“Mama kaa. Mzee, samahani, vingine viko ofisini.”

Chuma alisimama. Maji ya sabuni yalitiririka kutoka chini ya gari, yakafika kwenye viatu vyake. Akasogea. Yakamfuata. Akasogea tena, na kijana aliyeshika mpira wa maji akamwona vizuri kabisa, lakini hakuuelekeza upande mwingine.

Tajiri alitoka akiwa na kijiti cha meno mdomoni.

“Shemeji! Karibu sana. Na wewe, Chuma. Naona umesimama barabara.”

“Nimesimama.”

“Unapumua?”

“Kama unavyoniona.”

Mama Sufuria aliyachukulia kuwa ni mizaha ya wanaume waliogombana. Alimpa mumewe nafasi ya kuzungumza kama walivyokubaliana. Mumewe akakohoa kikohozi cha kusafisha koo, akatazama magurudumu. Ikabidi Mama Sufuria aanze yeye.

“Tajiri, tumekuja kukuomba gari moja na dereva. Lisimame langoni tu mpaka wageni wetu washuke salama. Tuambie masharti yako.”

“Wageni wenu. Hongereni. Nani anawaongoza?”

“Si huyu hapa?”

Tajiri alitoa kijiti mdomoni.

“Chuma, unanitania mimi, au unamtania huyu mama?”

“Sisi tumekuja kwa habari ya gari,” Chuma alisema.

“Nami naongea habari ya gari. Lile jeupe pale, kiti cha nyuma tulikitoa tukakisugua kutwa nzima. Umesahau? Wapagazi wako wenyewe walikuweka humo ukiwa midomo rangi ya wino.” Akamgeukia mwanamke. “Shemeji, gari chukueni. Kodi sitaki, jazeni mafuta na mlisheni dereva wangu. Ila sharti langu ni moja. Huyu asivuke msitu. Akivuka, dereva anageuza gari na kurudi.”

“Asivuke kwa nini?”

Kijana wa mpira alifunga bomba ili asikie vizuri. Tajiri alimtazama Chuma, akamtazama Mama Sufuria, na uso wake ukabadilika. Alikuwa na kasoro nyingi mtu yule, lakini kumwumbua mume mbele ya mke hakukuwa miongoni mwa mipango yake ya siku hiyo.

“Hukuambiwa,” alisema.

“Sikuambiwa nini?”

“Shemeji, mimi sikumfukuza. Nilimwomba abaki ofisini, apokee wageni, afundishe vijana. Akanitukana mbele ya makarani. Mengine atakwambia mwenyewe.”

“Kaa na gari lako!” Chuma alisema, akakanyaga katikati ya maji ya sabuni akielekea getini.

Mama Sufuria alibaki kitini kwa muda. Kisha akainuka, akashukuru, akakibeba kile kiti mwenyewe na kumrudishia mlinzi, ambaye hakuthubutu kumtazama.


Chuma alitembea mbele haraka, mikono ikimpiga mapajani, kama mtu anayetaka kuonwa jinsi anavyotembea. Mkewe alimfuata bila kumwita. Walipofika kwenye mwinuko karibu na mashine ya kusaga, Chuma aliinama ghafla, akashika kiatu chake, akakaa ameinama hivyo huku mgongo ukipanda na kushuka.

Mama Sufuria akaja kusimama juu yake.

“Unafanya nini?”

“Nafunga kamba.”

“Hivyo viatu havina kamba, baba watoto.”

Chuma alivitazama viatu vyake. Vilikuwa vya kuchomeka tu, vya kutokea. Akakaa juu ya ukuta mfupi wa mashine, na vumbi la unga likamshika suruali.

“Ni lini?” mkewe aliuliza.

“Kiangazi kilichopita. Ulipokuwa kwenu unamwuguza mama.”

“Uliniambia ulikuwa mjini kwenye mafunzo.”

“Nilikuwa mjini. Hospitali.”

“Una nini?”

“Maji yalijaa mapafuni. Kule kambi ya mawe. Nililala mzima, nikaamka nasikia kifua kinatokota. Kama sufuria yako.”

Mkewe hakutabasamu, wala yeye hakutabasamu.

“Daktari alisemaje?”

“Alisema nikishuka napona, na nimepona. Unaniona.”

“Sikukuuliza hilo.”

Chuma alipangusa unga uliokuwa kwenye goti lake. “Alisema nisilale tena juu ya msitu. Likinikuta mara moja, litanirudia. Na safari nyingine gari halitawahi.”

“Na kile kifuniko kilichozidi? Kile cha mahali pasipo maji?”

Chuma aliendelea kupangusa goti.

“Kilikuwa cha mapafu yako. Ulitaka kuwalaza wageni wa watu kwenye upepo ili wewe upate kupumua.”

“Nilitaka kuwafikisha!” Sauti yake ilifanya wanawake waliopanga foleni na madebe yao wageuke. Akaishusha. “Wale watu hawakuipigia simu sufuria. Walimpigia Chuma. Nikisema siwezi, mimi nani? Mzee wa kukaa kizingitini akiulizwa njia?”

Mkewe alimwonea huruma, na huruma hiyo ikamwongezea hasira. Alinyoosha mkono, akamwinua kwa kiwiko, wakatembea hadi nyumbani kwa mwendo wa Chuma, ambao ulikuwa umepungua sana sasa alipokuwa hana wa kumdanganya.

Kinyonga alikuwa uani akianika magodoro. Alizisoma nyuso zao, akaliachia godoro likalala chini.

“Umejua,” alimwambia mama yake.

Neno hilo ndilo lililomkata Mama Sufuria kuliko yote ya siku hiyo.

“Na wewe ulikuwepo?”

“Nilikuwepo, mama.”

“Ukanyamaza tangu kiangazi hadi leo! Unakula chakula changu, unaniamkia kila asubuhi, na umenyamaza!”

“Mambo ya juu hayasimuliwi chini, mama. Wewe ndiwe uliyenifundisha.”

Wapagazi wa mlima ule wana mwiko wao. Juu ya msitu hewa ni nyembamba, na watu wazima hulia, hutapika, hujichafua, humwita mama yao kwa jina. Wakishuka, wao ni mameneja, wahubiri na wake za watu. Kwa hiyo kilichoonekana juu hakitajwi chini; mume hamwambii mke, wala rafiki hamwambii rafiki. Mwiko huo umewafichia aibu wageni wengi, na Mama Sufuria aliushika kuliko wote. Mara moja alimfukuza jikoni mpagazi mzuri kwa kumcheka mgeni sokoni. Hakuwaza hata siku moja kwamba mwiko wake mwenyewe ungemfunga macho ndani ya nyumba yake.

“Ule ni wa wageni,” alisema, na sauti yake ilikuwa imepungua nguvu.

“Hukusema kwamba ni wa wageni tu.”

“Basi nasema leo. Safari hii baba yako haongozi. Utaongoza wewe.”

Chuma alicheka. Kilikuwa kicheko kibaya, kikavu. “Huyu? Wageni watazeeka njiani. Watafika kileleni na wajukuu.”

“Gari la Tajiri tutalichukua kwa sharti lake.”

“Katika nyumba hii nani amewahi kuongoza mlima? Wewe?”

“Katika nyumba hii,” alisema Mama Sufuria, “nani amewahi kushushwa na machela?”

Kinyonga aliokota godoro, akalikung’uta vumbi, akalirudisha kambani.


Mhasibu alikuja kesho yake mchana kusikia mpango wa mwisho. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye miwani, aliyevaa viatu vipya vya mlimani na sketi ya ofisini, ili viatu vilainike kabla ya safari. Alifuatana na msoma mita wa idara yao, kijana mnene mwenye maneno mengi, aliyekwisha kuwaahidi watu wote picha za kileleni.

Chuma aliwakaribisha kwa uchangamfu. Akaeleza habari ya basi, nyumba ya wageni na lori la machimbo; akaeleza msitu, mawe, na harufu ya kiberiti inayotoka mdomoni mwa kasoko asubuhi. Alieleza vizuri, kwa sababu aliupenda mlima ule, na msoma mita alisahau kuchezea simu yake. Mama Sufuria alisimama mlangoni na birika mkononi. Kinyonga aliketi kwenye kigoda, mikono magotini.

“Kileleni ni Jumamosi?” aliuliza Mhasibu.

“Jumamosi, jua likichomoza.”

“Machimbo hufanya kazi Jumamosi?”

“Hapana. Hufungwa.”

“Basi mtu akiugua Jumamosi, lori halipo.” Alisema hivyo bila ukali, kama anayerudisha hesabu isiyolingana. “Tutamshushaje hospitali?”

“Gari litakuwa langoni.”

“La nani?”

“La tajiri wangu wa zamani. Limekwisha kupatikana.”

Birika liligonga fremu ya mlango.

“Lipo,” alisema Mama Sufuria. “Kwa sharti.”

“Mama Sufuria,” Chuma alisema. Hakuwahi kumwita kwa jina hilo ndani ya nyumba.

“Sharti gani?” Mhasibu alimtazama mmoja, akamtazama mwingine.

“Mwulize mwenyewe, dada. Atakwambia.”

Alimpa nafasi hiyo kwa moyo wote. Alisubiri hata mkono ukaanza kumwuma kwa uzito wa birika. Chuma alitazama meza tupu. Midomo yake ilifunguka, na kwa kitambo kidogo ilionekana kama neno linakuja, kisha ikafungwa.

Ndipo Mama Sufuria akauvunja mwiko. Alisema kwa maneno machache, kama mtu anayeeleza namna ya kupika wali: kambi ya mawe, kifua, machela, gari jeupe, daktari. Hakuongeza wala hakupunguza. Alipomaliza, aliliweka birika chini.

Chuma akainuka. “Umenivua nguo mbele ya wageni,” alimwambia, akatoka uani. Dirishani walimwona akilikunjua hema lililokuwa limekunjwa tayari, na kuanza kulikunja upya.

“Kumbe Chuma kimeshika kutu,” alisema msoma mita.

“Nyamaza wewe,” Mhasibu alimkaripia. “Wewe ngazi za ofisini tu zinakutoa jasho.” Akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa sketi, akairudisha. “Sasa mama, mimi nimekusanya fedha za wenzangu kwa jina la mtu. Mtu huyo hapandi. Nani anapanda?”

“Binti yetu. Ana beji.”

“Huyu msichana? Basi na bei ishuke. Tulipatana bei ya Chuma.”

“Mlipatana bei ya mlima, dada. Mlima haujapungua urefu.”

Mhasibu alikunja uso, lakini pembe ya mdomo ilimcheza. Akamgeukia Kinyonga.

“Siku ile, baba yako aliposhushwa, wewe ulifanya nini?”

Kinyonga alimtazama mama yake kwanza. Mama yake akaitikia kwa kichwa.

“Nilishika machela upande wa kichwa.”

“Baba yako anasema unatembea polepole mno.”

“Ni kweli.”

“Hujitetei?”

“Nitawachosha kwa kuwachelewesha, mama, siyo kwa kuwakimbiza. Ukiumwa kichwa ukanificha, nitakutambua kwa unavyokaa. Nikikwambia shuka, utashuka, hata kilele kikiwa hapo mlangoni. Kama hilo huliwezi, tafuta mwingine mapema.”

“Na baba yako akisema anapanda?”

“Nitamwambia ashuke.”

“Utaweza?”

Kinyonga alitazama dirishani. Chuma alikuwa amepiga goti juu ya hema akilitoa hewa, na kila alipobonyeza, turubai lilivimba mahali pengine.

“Sijui,” alisema.

Mhasibu akavuta mkoba wake mapajani.

“Ungesema ndiyo, ningeondoka na pesa zetu zilizobaki,” alisema. “Hayo maji yamechemka, mama, au tunanywa maneno tu?”


Siku zilizobaki Chuma hakusema na mkewe. Alipotaka kisu, alikiendea mwenyewe. Lakini usiku wa kuamkia safari hakwenda kulala. Aliketi akavikagua viatu vya binti yake, akavipaka mafuta kwenye mishono, akaviweka mlangoni, akaingia ndani bila neno. Asubuhi alijifunga mzigo kama mpagazi wa kawaida. Atabeba hadi msitu unapoishia, alisema, kisha atashuka kukaa na dereva. Hakuna aliyempinga, maana sharti la Tajiri lilimruhusu hadi hapo.

Gari jeupe lilisimama langoni. Wao waliingia msituni kwa mstari: Kinyonga mbele, wageni nyuma yake, wapagazi, Mama Sufuria na masufuria yake, Chuma mwisho. Kinyonga alitembea kwa mwendo ule ule uliompa jina. Msoma mita alilalamika kwamba hata msafara wa maziko huenda kasi zaidi. Kufikia jioni hakulalamika tena. Usiku ule walilala katikati ya msitu, na Chuma alilala vizuri, akaamka na rangi nzuri ya uso, na hilo ndilo lililomharibu.

Kesho yake, kabla ya adhuhuri, miti ilianza kuwa mifupi na kuvaa ndevu za kuvu, kisha ikawa vichaka, kisha ikaisha. Mbele yao palikuwa na kokoto nyeusi zikipanda mpaka kwenye ukungu. Kinyonga alisimama, akainua mkono, wote wakasimama.

Chuma hakusimama. Alitoka mwisho wa mstari, akawapita wapagazi, akampita mkewe, akawapita wageni, mzigo ungali mgongoni.

“Nawafikisha kwenye kambi ya mawe tu,” alisema alipompita binti yake. “Kuna mahali njia inapotea. Nikishawaonyesha, narudi.”

“Njia naijua, baba.”

“Unaijua wakati wa jua. Ona ule ukungu.”

“Baba.”

“Twendeni!” aliwaita wageni kwa sauti ile iliyowafikisha watu wengi kileleni, akaanza kupanda.

Mguu wa Mhasibu uliinuka, kwa kuwa sauti ile iliinua miguu. Wapagazi nao waliinama kuokota mizigo. Mama Sufuria alifungua mdomo amwite mumewe, akaona uso wa binti yake, akaufunga.

Kinyonga alivua begi, akaliweka kwenye kokoto, akakaa juu yake.

“Kaeni,” alisema.

Wakakaa. Mhasibu alikaa, msoma mita akajitupa chini, wapagazi wakatua mizigo. Mama Sufuria alikaa wa mwisho, na masufuria yakagongana. Upepo uliwapuliza jasho likawa baridi shingoni.

Juu yao Chuma alisikia kwamba nyayo nyuma yake zimekoma. Akageuka. Mstari wote ulikuwa umekaa chini, ukimtazama.

“Mnakaa nini? Upepo huo utawagandisha!”

Hakuna aliyejibu.

“Kinyonga! Inua wageni!”

“Siwainui mpaka ushuke, baba.” Sauti ilipasuka katikati, akaikusanya. “Dereva atageuza gari. Mgonjwa wetu akipatikana, hatuna pa kumpeleka. Nami siwapandishi watu kwa namna hiyo. Tutakaa hapa mpaka jua litue, kisha tutarudi nyumbani, na pesa zao tutawarudishia.”

“Unanitisha mimi? Mimi niliyekubeba mgongoni kwenye njia hii?”

“Nami nilikubeba.”

Chuma alitaka kumjibu. Alivuta pumzi ya kumjibu, na pumzi ile ikakwama, ikatoka kama kikohozi kidogo, chepesi, ambacho chini pasingekuwa na mtu wa kukisikia. Hapo kila mtu alikisikia. Alisimama, kiganja kifuani, akiwaza kama wengine wamemwona.

Kisha akaanza kushuka.

Wapagazi walikuwa na desturi ya kugeuza nyuso mgonjwa anaposhuka, asione kwamba anaonwa, nao wakazigeuza. Wageni waliwaona, wakaiga. Mama Sufuria peke yake hakugeuka. Alimtazama mumewe tangu hatua ya kwanza hadi aliposimama mbele yake, akamsaidia kuvua kamba za mzigo mabegani, akazivaa yeye juu ya masufuria yake.

“Umekula?” alimwuliza.

“Nitakula na dereva.”

Kisha akamgeukia binti yake, aliyekuwa hatua chache juu. Kinyonga aliinuka kwa heshima.

“Ukungu ukifika kwenye yale mawe mawili kabla yenu,” Chuma alisema, “usivuke. Lala hapo hapo.”

“Nimesikia, baba.”

“Na huyo mnene anaumwa kichwa. Sipendi anavyokaa.”

“Nimemwona. Nitampa maji, nimwangalie.”

Chuma aliitikia kwa kichwa, akaingia msituni. Alitembea peke yake katika njia ambayo maisha yake yote aliishuka akiwa na watu nyuma yake. Hakuwa na wa kumwambia ashike mti, au aangalie utelezi. Mara mbili alijikuta akiyasema hayo kwa sauti.

Dereva alikuwa amelala kwenye kiti, miguu dirishani, redio ikiimba. Alishtuka kuona Chuma peke yake.

“Mzee, vipi? Kuna mgonjwa?”

“Yupo.”

“Yuko wapi?” Dereva alichungulia nyuma yake kuelekea msituni.

“Ni mimi,” Chuma alisema. “Nina ugonjwa wa mapafu. Siwezi kulala juu ya msitu. Nilishushwa na machela kiangazi kilichopita, katika gari hili hili, na mke wangu sikumwambia.”

Dereva, aliyekuwa mgeni kazini na aliyejua sharti tu, siyo sababu yake, alizima redio.

“Tukupeleke hospitali, mzee?”

“Hapana. Mimi nimewahi, nimeshuka mapema.” Chuma alilizunguka gari, akaligonga gurudumu moja moja kwa ncha ya kiatu, akachungulia kiti cha nyuma, akaondoa shati la dereva na chupa tupu zilizokuwa zimetapakaa juu yake. Kisha akatazama jinsi lilivyosimama, pua ikielekea mlimani, na mti mkubwa nyuma yake.

“Nani amekufundisha kuegesha hivi?”

“Si nimefika, nikasimama tu?”

“Washa. Tuligeuze litazame barabara. Wakija mbio na mtu, tusianze kuhangaika na huu mti.”

Dereva akawasha, na Chuma akasimama nyuma, mikono juu, akimwita taratibu, rudi, rudi, kata kushoto, rudi.